Siku Simiyu Alipomshika Mama Mkwe

Juzi nilitolewa nyumbani kwa nguvu. Wanaonijua wanajua kwamba safari yangu ndefu siku hizi ni ya kutoka jikoni hadi banda la kuku, na hata hiyo huifikiria mara mbili mawingu yakikusanyika. Lakini Simiyu alikuwa amefariki huko Kitale, na Simiyu hakuwa mtu wa kuzikwa huku mimi nimeketi nachambua maharagwe. Nikavaa koti, nikaenda, nikabanana chini ya turubai na ninyi wenzangu ambao magoti yenu hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Mvua ikaja kweli. Makoti ya sufu ya wazee yakalowa, yakaanza kutoa ile harufu ya mbwa aliyetoka mtoni. Katikati ya harufu hiyo akasimama bwana mmoja, mtoto wa mzee nitakayemtaja sasa hivi, akashika kipaza sauti na kutuambia kwamba siku marehemu alipomwokoa mama mkwe wake katika mto Kuywa, familia yao yote ilikuwa pale, bega kwa bega naye.

Kwamba walikuwa pale ni kweli kabisa. Ila mabega ya Simiyu yalikuwa ndani ya maji, na yao yalikuwa ukingoni, makavu, yamepangwa kama mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa darini. Nilikohoa ili nisicheke, jirani yangu akanipa peremende. Watu huwahurumia sana wanawake wazee matangani.

Wakati wa mambo hayo niliishi na kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, nyumbani kwake karibu na Chwele. Baba na mama walikuwa Kitale kwenye shamba la mzungu, ambako baba alikuwa karani wa ghala la mahindi. Kila likizo baba alikuja kwetu amevaa buti nyeusi za kufunga kamba hadi juu ya vifundo, na watu walimpisha njiani kwa heshima ya zile buti. Mimi nilimwona mkubwa kuliko mlima Elgon. Mtoto hupima watu kwa viatu. Shida ni kwamba kuna watu wazima ambao hawaachi.

Pale kwa kukhu aliishi pia senge Nekesa, dada mdogo wa baba. Alikuwa ameolewa na Simiyu, na kabla hajazoea hata sufuria za nyumba yake, mume akachukuliwa kwenda vitani, Burma. Kwao Simiyu hakukuwa na mama wa kukaa naye, kwa hiyo senge akarudi kwetu kungoja. Alingoja miaka yote ya vita kama mjane ambaye mumewe yu hai, huku wanawake kisimani wakimwuliza kila wiki, "Nekesa, bado tu?" Sasa vita vilikuwa vimekwisha. Simiyu alikuwa bado jeshini, lakini alikuwa amepewa chumba cha watu wenye familia kwenye kambi ng'ambo ya Nakuru, pamoja na likizo fupi ya kuja kumchukua mke wake. Walikuwa waondoke kwa treni ya Jumamosi, pale stesheni ya Bungoma. Akikosa treni hiyo, likizo nyingine ingekuja wakati jeshi litakapopenda, na jeshi halikuwa na haraka na mapenzi ya mtu.

Sasa, ninyi wa rika langu mnaijua soni ya wakwe. Wajukuu wetu, ambao mama mkwe huwapigia simu kuuliza wamekula nini, hawaijui. Kwetu mwanamume hakumtazama mama mkwe usoni. Hakula mbele yake wala kupita njia moja naye, na kumgusa ndiyo kabisa hakukusemwa. Kwa hiyo Simiyu hakulala kwetu. Alilala kwa jirani, na kila kukhu alipotokea njiani, yule askari mrefu aliyepigana na Wajapani aliingia kichakani kama sungura.

Nilimwuliza kukhu kitatokea nini wakigusana. Alikuwa anapeta wimbi, na mtu anayepeta wimbi hataki maswali. Akaniambia, "Watatetemeka wote wawili mpaka meno yaishe mdomoni." Lilikuwa jibu la kunifukuza. Mimi nikalimeza kama Maandiko.

Siku ya soko kukhu alikwenda Chwele na kikapu cha ndizi. Alasiri mvua ilikuwa imenyesha sana mlimani, na aliporudi mto ulikuwa umepanda, rangi ya chai ya maziwa, unabeba matawi na wakati mwingine kuku. Daraja letu lilikuwa gogo moja tu. Ukingo wa upande wetu ulikuwa umejaa wanaume waliokuja kutazama maji, maana mto ukifurika hakuna mwanaume anayekumbuka kazi yake. Baba, aliyekuwa likizo, alikuwepo na buti zake. Mzee Yohana alikuwepo, baba wa yule bwana wa kipaza sauti, mzee wa kanisa, ambaye kila Jumapili alituhubiria tuache pombe na mambo ya kipagani. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa baba. Simiyu naye alikuwa amesimama mbali kidogo, na alipomwona kukhu anatokea ng'ambo ile, akafanya adabu yake: akageuka, akaupa mto mgongo.

"Mama, ngoja maji yashuke," baba alipaza sauti.

"Nimevuka hapa kabla hujazaliwa," kukhu akajibu, na akapanda juu ya gogo.

Alifika katikati. Sikumwona akiteleza. Niliona kikapu hewani, halafu ndizi zikielea, halafu kichwa cha kukhu kikiwa kidogo kuliko nilivyowahi kukiona, kinakwenda na maji.

Nawaomba sasa mtazame ukingo pamoja nami, kwa sababu nimeutazama maisha yangu yote na bado haujanichosha. Mzee Yohana alifumba macho na kuanza sala, tena si sala fupi. Wawili wakaanza kubishana kuhusu kamba: mmoja alisema iko kwake, mwingine akasema ile ilikatika wakati wa kumfunga fahali. Baba, na hapa nawaomba mnihurumie kwa sababu ni baba yangu, baba aliketi chini kuvua buti. Hakuzing'oa. Alizifungua, kamba moja baada ya nyingine, tundu moja baada ya jingine, kwa utaratibu wa mtu anayetumaini kwamba matundu hayataisha. Na mimi? Mimi nilimshikia kiatu.

Simiyu aliposikia kelele aligeuka. Akaangalia maji kama mtu anayesoma barua, kisha akaanza kukimbia kuteremka kando ya mto, mbali na sisi.

"Tazameni jeshi linavyokimbia," Mzee Yohana alisema. Alikuwa amefumbua macho kwa ajili hiyo tu, na watu walicheka. Mama wa mwenzao yumo majini, na walipata nafasi ya kucheka.

Simiyu alikuwa anakimbilia kwenye kona, pale mto unapojikunja na kubana kabla ya mawe. Aliingia majini mbele ya kukhu ili maji yenyewe yamletee. Gogo lililokuwa likielea likampiga begani, akazama. Akaibuka, akazama tena. Mara ya tatu aliibuka akiwa ameshika nywele za mama mkwe wake. Tulipofika kwenye kona, maana miguu yetu ilipata nguvu ghafla, alikuwa amemtoa. Mto ulikuwa umemvua kukhu kila kitu isipokuwa shanga. Simiyu alimfunika kwa shati lake la jeshi, akamlaza kifudifudi, akampandia kwa magoti kama mtu anayepanda punda, akaanza kumkandamiza mgongo kwa viganja: anasukuma, anaachia, anasukuma, anaachia. Ndivyo walivyofundishwa huko jeshini. Sisi hatukujua. Sisi tuliona mkwe amemkalia mama mkwe mchana kweupe.

Hapo ndipo wanaume wetu walipopata ushujaa. Wale wale ambao maji yaliwatisha, Simiyu hakuwatisha. "Shuka juu ya mama," mmoja alifoka. Mwingine akamvuta mkono. Baba, mguu mmoja na buti na mwingine wazi, alisema, "Shemeji, watu wanaona."

"Waone," Simiyu alisema bila kuinua kichwa. "Ukinigusa tena, shemeji, nakutupa mle alimotoka."

Akaendelea kusukuma. Maji yakamtoka kukhu kinywani, akakohoa, akalia kama mtoto mchanga. Simiyu akaruka kando, akamgeuzia mgongo, akaketi. Na hapo hapo, wote wawili, kukhu kwenye matope na Simiyu kwenye nyasi, wakaanza kutetemeka.

Nani alikuwa ameambiwa dalili? Mimi. Nilitazama taya za kukhu zikigongana, nikatazama mabega ya Simiyu, nikajua kwamba meno yataisha. Nikapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Bungoma mjini: "Imeanza! Wanatetemeka wote wawili!"

Niliona nyuso za wale wanaume zikibadilika, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ile niliyoiona ilikuwa hofu. Sasa nimekuwa mzee na naijua vizuri, ilikuwa nafuu. Dakika moja nyuma walikuwa watu walioshindwa kuingia mtoni. Sasa walikuwa watu walioheshimu mila. Mtoto wa miaka saba alikuwa amewatupia kamba, na hiyo waliidaka.

Baraza lilikaa siku iliyofuata, uani kwa kukhu, wakinywa chai yake. Mzee Yohana, mpinzani mkuu wa upagani, aliongoza. Niliitwa mbele nikaulizwa nilichoona, nikasema. Nikaulizwa tena, nikasema kwa sauti kubwa zaidi, maana katika maisha yangu hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza kitu mara mbili. Walinipa kipande cha muwa. Nilijiona wakili.

Uamuzi ulikuwa kwamba lazima achinjwe kondoo wa kutakasa. Simiyu hakubisha, jioni ile ile alimleta kondoo mnene, akamfunga nje ya ua. Basi ikaonekana kwamba kondoo peke yake hatoshi. Lazima aje mzee wa kutakasa kutoka mlimani, na mzee huyo haji mpaka mwezi uandame, na mpaka hapo Nekesa hawezi kutoka kwa mama yake. Mwezi ulikuwa umebakiza zaidi ya wiki. Treni ilikuwa ni ya kesho.

"Ataondoka peke yake, atarudi likizo nyingine," Mzee Yohana alisema. "Si amezoea kungoja huyu binti?"

Mtu akionekana mkubwa mbele ya watu wadogo, lazima apunguzwe mpaka wakae naye sawa. Simiyu walimwona akifanya jambo ambalo kila mmoja wao angepaswa kulifanya, na hilo halisameheki. Wangeweza kumsamehe akizama.

Usiku senge Nekesa hakulia. Alikuwa tayari amefunga sanduku lake la bati, akalifungua, akatoa kitambaa kimoja, akakikunja upya, akalifunga. Baadaye akafanya hivyo tena. Mimi nilikuwa nimelala karibu naye nikiwa na utamu wa muwa bado mdomoni, na nikamwambia, kwa hekima yangu, asiogope, mumewe akifa kwa kutetemeka atapata mwingine. Alinitazama. Miaka imepita mingi na sijawahi kutazamwa tena vile, nashukuru Mungu.

Alfajiri kukhu aliniamsha. Alinishika mkono, tukashuka hadi kijito kilicho nyuma ya migomba, kile ambacho maji yake hutoka moja kwa moja mlimani.

"Vua. Keti," akasema.

"Kukhu, ni baridi."

"Kumbe unajua neno hilo. Keti."

Niliketi. Maji yalinifika kifuani. Yeye aliketi juu ya jiwe, amejifunika blanketi, akanitazama kama mtu anayengoja viazi viive. Nililia, nikaomba, nikaahidi kuchota maji mwaka mzima. Meno yangu yalipoanza kugongana mpaka akayasikia kutoka kule kwenye jiwe, alisema, "Sasa," akanivika gauni langu bila kunifuta, akanivuta hadi uani.

Wazee walikuwa wamekwisha kukaa, maana chai ilikuwa bure. Kwa desturi mwanamke hasemi katika baraza kama lile. Kukhu alisimama mlangoni pake, mguu mmoja ndani na mmoja nje, ili pasiwe na wa kusema ameingia barazani.

"Yohana," alisema, "huyu ndiye shahidi wenu?"

"Ndiye, mama."

"Mtazame. Anafanya nini?"

Mzee Yohana alinitazama. Maji yalikuwa yananitiririka miguuni, na gauni lilikuwa linatikisika lote. "Anatetemeka," akasema.

"Amegusa mkwe gani?"

Mmoja aliangalia kikombe chake. Baba akasema, kwa sauti ya chini, "Mama, mtoto amelowa."

"Aa. Na mimi nilitoka mtoni nimekauka?" Kisha akanigeukia. "Waambie wazee unasikia nini."

"Baridi," nikasema.

"Na nini tena?"

Nilifikiri kwa bidii. Nilikuwa nataka sana kuwa na kitu kingine cha kusema, kitu kitakachonirudishia uwakili wangu. Hakikuwepo. "Baridi tu, kukhu."

Mzee Yohana akakohoa. "Mama, hatukatai baridi. Lakini mila ni mila. Mkwe amekuona. Amekushika."

"Usinifundishe mila, Yohana, nilikufuta kamasi mimi. Mila ilisema mkwe asinitazame, na hakunitazama. Alinipa mgongo mpaka nikaanguka. Ninyi ndio mlikuwa na ruhusa ya kunitazama. Mkaitumia yote." Alivuta pumzi, maana kifua chake kilikuwa bado kinakereta. "Kondoo achinjwe mwezi ukiandama, nitamla mimi mwenyewe. Na kama kunishika kunataka kondoo, kuniacha kunataka nini? Kila aliyesimama pale ukingoni alete chake, tuwatakase wote siku moja. Nekesa, chukua sanduku."

Nilitazama kama kuna atakayesimama kulipinga hilo. Aliyesimama alikuwa yule mwenye kamba iliyokatika, na alisimama kwa sababu alikumbuka ng'ombe wake hawajakamuliwa. Mwingine akakumbuka lake. Ndani ya muda mfupi ua ulibaki na vikombe, na Mzee Yohana, ambaye alimaliza chai yake kwanza. Hilo walau nampa.

Senge alitoka na sanduku. Baba, ambaye alihitaji sana kufanya jambo lolote, alinyoosha mkono kulipokea.

"Wacha, kaka," senge akamwambia kwa upole. "Utalowa."

Jua lilikuwa linawaka. Baba alirudisha mkono wake polepole, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nadhani hiyo ndiyo siku nilipoanza kumwona baba kwa urefu wake halisi, na nitasema ukweli, halikuwa jambo la kufurahisha. Hadi alipokufa huko Kitale alikuwa akisimulia jinsi "tulivyomtoa mama mtoni," na mimi nilikuwa nikimwongezea chai.

Simiyu alikuwa nje ya ua, kwenye njia, bega lake limefungwa kitambaa. Kukhu alipojua yuko pale aliingia ndani, akaelekea ukutani, kama inavyotakiwa. Simiyu naye akaelekea upande wa barabara. Watu hawa wawili, ambao mmoja alikuwa amemvuta mwenzake kwa nywele kutoka mdomoni mwa kifo, hawakuwa na nia ya kukosa adabu kwa sababu ya jambo hilo. Mkwe akitaka kusemezana na mama mkwe, neno hupita kwa mtoto. Na mtoto pale alikuwa mmoja, anachuruzika maji.

"Nenda," kukhu aliuambia ukuta. "Mwambie nimepona."

Nikaenda. "Kukhu anasema amepona."

Simiyu aliendelea kuangalia barabara. "Mwambie nimesikia. Mwambie pia alikuwa mzito kuliko mzinga wa vita tuliopandisha milimani kule Burma, na huo tuliubeba watu wanane."

Nilirudi mbio nikayasema hayo. Kukhu aliukwaruza ukuta kwa ukucha. Nilidhani nimeharibu tena.

"Mwambie ni mjinga," akasema. "Mwambie siku nyingine ashike mkono, asishike nywele. Mwambie mtoto wangu hapendi samaki, asimlazimishe. Na apite salama."

Kwenye njia senge alikuwa amekwisha kujitwika sanduku kichwani, na Simiyu alikuwa amechukua hatua mbili za kwanza. Nilimkimbilia nikamshika suruali, mimi ambaye juzi nilimdhani mtu wa kufa, na nikamwambia yote, la ujinga, la nywele, la samaki na la salama, kama yalivyotoka, bila kuyatafuna kwanza.